Mwalimu wa fizikia, nipo Muscat miaka 9, nataka kurudi Tanga. Serikalini, shule za kimataifa au nijiajiri?

BintiSahare: Habari wakuu. Nafundisha fizikia na hesabu, digrii nilichukua UDSM, nikafundisha private Dar miaka minne ndo nikaja Oman. Huku niko shule inayofuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza, watoto wa IGCSE, yaani mtihani wao wa sekondari. Mkataba unaisha Juni na sitaki kuongeza, mama yuko Tanga presha inamsumbua, anakaa na binti wa kazi tu, na kila nikipiga simu ananiuliza mwanangu, utanikuta kweli? Nikikata simu silali.

Nina 43. Nawaza niombe serikalini, au niende shule za kimataifa Arusha au Dar kwenye mshahara, au kiinua mgongo nikitie kwenye kituo cha tuisheni, hata inglishi midiamu ndogo. Mume wangu anataka tufungue shule, mimi moyo unasita. Waliorudi naombeni mnisaidie.

Mwl_Korogwe: Pole dada, Mungu ampe mama afya. Serikalini usichelewe, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asizidi miaka 45, hesabu mwenyewe umebakiza mingapi. Fungua akaunti Ajira Portal ukiwa hukohuko, na jiandae kwa usaili maana siku hizi walimu nao wanafanyiwa. Fizikia na hesabu walimu ni wachache, hapo una nafuu. Ila kituo unapangiwa, unaweza kuomba Tanga ukajikuta Katavi, na mama ndo anakurudisha. Halafu mshahara, mimi nilitoka private na uzoefu wa miaka sita nikaanzishwa daraja moja na vijana waliomaliza chuo mwaka ule, iliniuma.

NilirudiKutokaDoha: Dada usipande ndege bila karatasi!! Barua ya utumishi yenye muhuri na tarehe za kuanza na kumaliza, na cheti cha polisi cha hukohuko, shule za kimataifa wanakiulizia kwa sababu ya usalama wa watoto. Mimi niliondoka mikono mitupu nikijua nitaagiza, nikakaa miezi minne naandika imeili mwajiri wa zamani hajibu, nafasi Arusha ikaenda kwa mwingine. Shule hizi nyingi zinaanza Agosti na watu wanatafutwa mapema mwaka, kwa hiyo ukisubiri mpaka Juni umeshachelewa. Na kabla ya kusaini uliza mkataba ni wa mwalimu aliyeajiriwa nje au wa lokali, shule nyingine tofauti ni kubwa, nyumba na bima vinaweza kuwa humo.

tuisheni_Muheza: Kiinua mgongo usikizike kwenye majengo dada yangu, nakwambia kwa uchungu. Nilijenga madarasa matatu 2019, wazazi wanalipa ada kidogokidogo na wengine mpaka mavuno, walimu wanataka mshahara kila tarehe 30, mwaka wa pili nikauza pikipiki na shamba la machungwa nilipe watu.

Sasa hivi nina chumba kimoja na wanafunzi 22 wa fomu thrii na foo, na naishi. Watoto wanaimba neno kwa neno sheria ya Hooke, ile ya springi kurefuka kulingana na uzito, ila hawajawahi kuning'iniza kitu kwenye springi. Nilinunua springi dukani kwa fundi, nikafunga mfuko wa rambo, tunatia misumari kumikumi, mmoja kashika rula mwingine anaandika, binti mmoja alivyoona nukta zake zimenyooka kwenye grafu alipiga kelele majirani wakaja. Wewe mtaalamu wa praktiko za Cambridge ukikaa Tanga mjini nafasi hutapata ya kuwaweka watoto.

BintiSahare: Nimewasoma nimelia. Barua ya utumishi naomba kesho asubuhi, Ajira Portal nimeshafungua. Mume nimempa simu asome habari ya Muheza, amenyamaza muda mrefu akasema basi tuanze na chumba. @tuisheni_Muheza kaka, Ngamiani na Makorora wapi kuna fomu foo wengi, na umeme jioni uko vipi?

tuisheni_Muheza: Anza Makorora. Umeme nunua taa ya sola, mimi ndo natumia. Njoo PM nikupe namba ya fundi wa madawati.