Paseli za Lamu: mnatutoza pesa ya "kitu cha kuvunjika", kikivunjika mnasema shauri yetu?

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu. Baada ya salamu, nina neno na hawa wenye mabasi wanaobeba paseli kutoka huku kwetu Lamu. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi, na isitoshe tabia hii ni ya wengi.

Nilioka vileja vya harusi ya binti ya kaka yangu, Nairobi. Anayevijua vileja anajua: unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, kwa hivyo kinachokishika kileja ni samli na yai. Ukikibinya vibaya kimekuwa ungaunga. Ndiyo sifa yake hiyo, kileja kigumu ni biskuti ya dukani.

Nikapeleka ofisini mwenyewe. Karani akauliza ndani mna nini, nikamwambia. "Hiyo ya kuvunjika, mama, ina nyongeza." Nikatoa bila kubishana. Akabandika karatasi nyekundu yenye picha ya glasi na mishale ya kuonyesha upande wa juu, akanipa risiti. Nyuma ya risiti, kwa herufi za kutafutiwa miwani, imeandikwa kuwa vitu vya kuvunjika vinasafirishwa kwa hasara ya mwenyewe.

Hebu nifahamisheni. Kama hasara ni yangu, ile nyongeza ilikuwa ya nini? Ya karatasi nyekundu? Mzigo wa kawaida ukiharibika mnalipa, wa kuvunjika mnatoza zaidi halafu hamlipi. Yaani nimelipia kupokonywa haki yangu!

Kwa wasioijua njia yetu: paseli inatoka kisiwani kwa boti hadi Mokowe, na pale gatini inarushwa. Narudia, INARUSHWA, nimeona kwa macho yangu. Maji yakikupwa boti inakaa chini sana, hamali anaona uvivu kupanda ngazi na boksi, anamrushia mwenzake aliye juu adake. Hapo linaingia buti la basi: Hindi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, kisha linashushwa na kupakiwa gari la Nairobi. Katikati kuna vizuizi vya askari. Ukaguzi siupingi hata kidogo. Mashambulizi ya Mpeketoni 2014 hatujayasahau, gari na likaguliwe. Lakini boksi likishachanwa kwa kisu, makanga anashindwa nini kulifunga? Selotepu moja ni shilingi ngapi?

Picha niliyotumiwa kutoka Nairobi: boksi limechanwa juu, ile glasi ya kwenye karatasi imepinduka miguu juu, mkebe wa bati umebonyea ubavu mzima, kifuniko kimekaa upande. Vileja vya juu vimekuwa chenga, vya chini vimeshikana kwa samli iliyoyeyuka. Na vyote vinanuka papa. Naam, papa mkavu! Kuna gunia la mtu liliwekwa juu ya paseli yenye karatasi nyekundu. Wageni wa harusi wakapewa biskuti za kununua.

Nikapiga simu. Jibu: "Mama, hukufunga vizuri."

Mimi? Vileja vililala usiku kucha vikipoa, maana ukifunga vya moto mvuke unavilainisha. Vikapangwa kwenye mkebe kwa safu, karatasi ya kuokea kati ya safu na safu, na kila mwanya ukajazwa karatasi iliyofinyangwa. Nikautikisa mkebe sikioni, kimya. Mkebe ukaingia ndani ya boksi gumu, magazeti na vipande vya leso kuukuu pande zote sita, unene wa vidole vitatu. Bati limebonyea, ndugu zangu. Bati! Ufungaji gani wa vileja utashinda uzito uliobonyeza bati?

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya huduma hiyo. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na kubeba paseli za watu kwa malipo ni kazi ya leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa hivyo hayo maandishi ya nyuma ya risiti msitutishie.

NAONGEZEA, maana maswali yamekuwa mengi:

Aliyesema nitume kwa ndege, uwanja uko Manda. Huko nako ni boti. Na bei ya kilo uiulize kwanza ndipo unishauri.

Aliyesema ningeoka visheti kwa kuwa havivunjiki, kweli, visheti hata ukivikalia. Lakini bibi harusi aliomba vileja.

Aliyeuliza kuhusu keki ya krimu: kwa basi la mchana, joto hili, usijaribu. Peleka keki kavu, krimu ipakwe huko huko.

Anayesema "mpe makanga kitu kidogo akuwekee mbele": ndiyo haya haya. Nyongeza nimelipa ofisini, nilipe tena mlangoni?

Na wewe unayesema unafanya kazi kwenye mabasi, uliyeniuliza kwa kejeli nataka nini hasa. Nataka nirudishiwe nauli ya paseli pamoja na nyongeza, na nilipwe samli. Samli ya ng'ombe ya kienyeji, si ya kopo. Risiti ninayo, picha ninazo, na mkebe nimewaambia Nairobi wasiutupe.