Mrejesho: zile hereni za ngombe wa shemeji

Bandugu wa hapa Goma, narudi kwa ile swali yangu, kama shemeji yangu mwenye kufuga kule Texas ni lazima atoe hereni zote za chuma za kutambulisha ngombe kwa masikio yao aweke za elektroniki. Mulinijibu mingi, aksanti sana.

Jibu ni hapana. Sheria ya Marekani ilianza tarehe 5/11/2024, ngombe aliyevalishwa hereni ya chuma kabla ya hapo anabaki nayo mpaka kufa. Mpya ndiyo lazima isomeke kwa macho na kwa mashine, na ni kwa ngombe wanaovuka jimbo, wale wasiohasiwa wa miezi 18 na zaidi, na wa maziwa.

Kilichoniuma ni hiki, muuzaji mmoja alimudanganya shemeji eti toa zote, akatoa kwa ngombe sita, masikio yakapasuka, nzi wakaingia, moja likaoza kabisa. Nililia kweli juu kwetu Masisi ngombe ni mtu wa nyumba. Na kumbe kutoa ile ya zamani bila ruhusa ni kosa! Veterinere amesafisha vidonda, watano wamepona, mmoja tunangojea.