Mkono wa eskaveta unatetemeka: nibadilishe sili, nipake kromu fimbo, au ninunue silinda ya mitumba?

MamaMawe (Njiru)
Wadau, nina eskaveta ya magurudumu inayochimba misingi upande wa Ruai na Kamulu. Mkono mkubwa ukishuka unatetemeka mpaka dereva anashikilia kiti. Kupanda uko sawa, ila asubuhi kukiwa na baridi nako unashtukashtuka kidogo. Nimezunguka Industrial Area nikapata mafundi watatu na majibu matatu: huyu anataka kubadilisha sili zote (zile pete za kuzuia mafuta) za silinda inayosukuma mkono, yule anataka fimbo inayoingia na kutoka kwenye silinda ikapakwe kromu upya, wa tatu ana silinda nzima ya mitumba. Ipi ina maana?

FundiLungaLunga
Mama, kuna hata mmoja aliyekuuliza inatetemeka *lini*? Ikiwa ni kushuka tu, silinda siigusi kwanza. Naanza na valvu ya kushikilia mzigo, ile inayozuia mkono usianguke, kama mashine yako inayo, maana nyingine hazina. Valvu hiyo hufunguliwa na presha ya upande wa pili wa pistoni. Mkono ukishuka kwa uzito wake haraka kuliko pampu inavyoleta mafuta, presha inaanguka na valvu inafunga. Presha ikipanda, inafunguka tena. Funga, fungua, funga, fungua, na huo ndio mtetemo wako. Huwa ni uchafu umekaa ndani, au mtu alizungusha skrubu ya kuirekebisha valvu kwa kukisia.

Kijana_wa_Leth
Mzee nakuheshimu, lakini sili nazo zina kesi. Mashine nyingi za Uingereza na Marekani zina fimbo za inchi. Fimbo ya inchi 2 ni milimita 50.8, na dukani unauziwa sili ya 50 ukiambiwa "itaingia tu." Kuingia itaingia. Halafu inabana, fimbo inakwama, inaruka, inakwama tena, hasa ukiendesha polepole. Mama, sili zilibadilishwa karibuni?

MamaMawe
Hapana, tangu ninunue mashine hazijaguswa. Na hazivuji nje.

Injinia_Embakasi
Basi mimi nang'ang'ania hiyo ya asubuhi, naona mmeiruka. Mafuta hufika kwenye pampu kwa kusukumwa na hewa iliyo juu ya tanki. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo huo ni karibu asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Sasa weka mafuta mazito ya daraja la 68, asubuhi ya baridi ya Julai, na chujio la kuvutia limeziba nusu: pampu inakosa mafuta ya kutosha na inalia kama changarawe ndani ya mkebe. Kwa baridi yetu mimi ningejaribu 46, ambayo ni mepesi zaidi, kama kitabu cha mashine kinaruhusu.

Tena chota mafuta kwenye chupa ya kioo mashine ikiwa imetoka kazini. Yakiwa meupe kama maziwa halafu yaanze kung'aa kuanzia chini, hiyo ni hewa. Yakibaki meupe hadi kesho, ni maji. Kama ni hewa, paka grisi kwenye viungo vya hozi ya kuvutia (inayotoa mafuta tanki kwenda pampu), kimoja kimoja, injini ikiwaka. Kelele ikikatika, umepata tundu.

DerevaMkongwe
Na kutoa hewa iliyobaki kwenye silinda msifanye kwa fujo. Nenda polepole, bila mzigo, mwisho hadi mwisho. Hewa ikibanwa ghafla inapata moto, mvuke wa mafuta unawaka humo ndani na kuchoma sili. Pia mtu asitafute uvujaji kwa kidole! Mafuta ya presha hupenya ngozi, na mkono wako unaweza kukatwa hospitalini.

Kijana_wa_Leth
Kuhusu kromu: pitisha ukucha juu ya fimbo. Ukinasa, au ukiona kutu imevimba chini ya kromu, ipakwe, kwa sababu sili mpya hapo zitachanika tu. Lakini fimbo iliyopinda usiipeleke kwenye kromu kabla haijanyooshwa. Iviringishwe kwenye vishikizo chini ya geji ya saa, ile ya mshale inayoonyesha mpindo mdogo. Iliyopinda hutikisika sehemu ileile ya safari kila mara.

Ile ya mitumba mimi siipendi. Huwezi kuona ukuta wa ndani mpaka uifungue, na ukishaifungua umelipa kazi ileile ya kubadilisha sili. Labda kama yako imepasuka.

FundiLungaLunga
Hapo tumekubaliana. Silinda mpya nayo ikifungwa kwenye valvu mbovu itatetemeka vilevile.

MamaMawe
Nimerudi na habari. Chupa ilikuwa na hewa. Hozi ya kuvutia ilikuwa na ufa chini ya klampu, hauonekani mpaka uikunje. Imebadilishwa, asubuhi mkono unapanda vizuri. Fimbo haina mkwaruzo wala haikupinda. Kushuka bado inatetemeka ila imepungua, kwa hiyo Jumamosi tunaingia kwenye valvu. Nani ana geji ya presha ya baa 400 ya kuazima?

FundiLungaLunga
Ninayo, lakini hiyo haitembei bila mwenyewe. Nitumie picha ya kiungo cha kupimia nijue nyuzi zake kabla sijatoka. Na Jumamosi nikute mkono umelazwa chini, presha imetolewa.