Kuwinda mbweha Uingereza: sheria imekuwa kibogoyo na polisi wanawabana wasiohusika

Wakuu, nina hasira, na naomba tulioko huku tusijifanye hili ni la Wazungu peke yao.

Kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa kulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004, ikaanza kutumika Februari 2005. Wawindaji wenye farasi hawakunyimwa nafasi ya kusema. Mwaka 2002 waliandamana London watu wapatao laki nne, na malodi, wajumbe wa baraza la juu la bunge, walikaza kuwatetea hadi mwisho. Wakashindwa. Ilipaswa kuishia hapo.

Badala yake wakaja na "kufuata harufu". Eti kuna mtu katangulia akiburuta kitambaa chenye mkojo wa mbweha, na mbwa wanafuata hicho tu. Unawafundisha mbwa harufu ya mbweha, unawaachia kwenye vichaka wanamoishi mbweha, wakimrarua mmoja unasema ni bahati mbaya. Kila msimu bahati mbaya! Kama shida yao ni kupanda farasi na kusikia mbwa wakibweka, upo tangu zamani mchezo wa kuburuta harufu isiyo ya mnyama, kwa njia iliyopangwa, na hakuna anayegombana nao. Hawautaki. Na wale wanaume wanaofuata nyuma na pikipiki za magurudumu manne, koleo za kuchimbia na mbwa wadogo wa kuingia shimoni, wana kazi gani pale? Harufu haikimbilii shimoni. Mbweha ndiye anayekimbilia.

Mimi nahudumia wazee majumbani kwao, vijijini. Msimu uliopita mbwa wa kundi moja la hao wawindaji walimwagika kwenye bustani ya bibi ninayemhudumia, mtu wa miaka themanini na kitu, wakamuua paka wake mbele ya dirisha. Nikapiga simu polisi. Walipofika walianza na vijana wanaharakati wanaopinga uwindaji, waliokuwa na kamera barabarani: vueni barakoa, majina yenu, mnatoka wapi. Mwenye baragumu, anayewaongoza mbwa, alikuwa juu ya farasi wake hatua chache tu, hakuulizwa neno. Bibi alilia mpaka jioni na hakuna aliyegonga mlango wake kumpa pole.

Sisemi kila mwanaharakati ni malaika, wapo wenye matusi. Lakini vijana hawa wanapuliza pembe na kupulizia dawa ya mchaichai ili mbwa wapoteze harufu. Harakati hizi zipo tangu 1963, na wapo waliokufa: mwaka 1993 mtoto wa miaka 15 alikufa chini ya gari la kubebea mbwa. Anayekuja kuzuia uhalifu ndiye anayeonekana mhalifu.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Kwetu Tanzania mwanakijiji akikutwa na nyama ya swala bila kibali anaweza kufungwa miaka mingi, na Waingereza ni wepesi kutuhubiria kuhusu wanyamapori. Kwao, sheria hii ya 2004 haina hata siku moja ya jela. Ni faini tu! Mtu mwenye zizi la farasi wa uwindaji faini itamtisha nini?

Wasiseme haiwezekani kuirekebisha. Scotland walitunga sheria mpya 2023: mwisho mbwa wawili bila leseni, kisingizio cha harufu kimepigwa marufuku, na adhabu inafika miaka 5 jela. Ni kisiwa hikihiki.

Chama cha Labour waliweka kwenye ilani yao ya uchaguzi ya 2024 kwamba watapiga marufuku huko kufuata harufu. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi hapa kihalali ana haki ya kumpigia kura mbunge, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola, na wengi wetu hatujajiandikisha. Jiandikisheni. Mwandikieni mbunge wenu barua, mtaje harufu, mtaje wale wa koleo, mdai kifungo kiwemo. Mimi yangu nimeshatuma, na anayetaka nakala ya kuanzia aniambie hapa chini.