MREJESHO: Sauti ya akili mnemba au ya mtangazaji?

Wakuu, niliuliza kama matangazo ya biashara yangu ndogo niyafanye kwa sauti ya akili mnemba au nimlipe mtu. Nimeishia kutumia zote mbili.

Video fupi za maelekezo ya bidhaa nimeiachia mashine. Maneno yake hubadilika kila mara; bei ikipanda nahariri sentensi moja, sauti mpya inatoka papo hapo. Mtu ningelazimika kumrudisha studio na kumlipa tena.

Tangazo kuu nimempa mtangazaji. Mashine inasoma vizuri, ila utani haiuwezi kabisa: mzaha wangu iliusoma kama taarifa ya msiba. Jina la biashara nalo ililiharibu mpaka nilipoliandika kwa silabi zilizotenganishwa. Mtangazaji alinishauri hata kufupisha sentensi ya mwisho, na kweli imekaa vizuri.

Aliyenikumbusha kuangalia leseni ya sauti ya mashine, yaani ruhusa ya kuitumia, asante sana. Vifurushi vingi vya bure vya sauti hizo haviruhusu matumizi ya kibiashara. Na mtangazaji tumeandikiana: tangazo litatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba sauti yake sitaitumia kufundishia mashine. Hilo la mwisho alilidai mwenyewe, na ana haki.