Mjadala: Je, vyuo vya Australia viendelee kuwavuta wanafunzi wa China kwa wingi huu?

Mleta mada, Melbourne

Wakuu, salaam. Hoja hii nimekaa nayo muhula mzima, leo naiweka mezani tuijadili kwa heshima.

Nafundisha semina za biashara katika chuo kimoja kikubwa hapa Australia, kwa mkataba wa kulipwa kwa saa. Muhula uliopita darasa langu moja la shahada ya uzamili lilikuwa na wanafunzi 31, na 27 kati yao walitoka China. Niseme mapema: sina kinyongo nao hata chembe, na aliyekuja kuwatukana Wachina hatapata msaada wangu. Ninaowauliza maswali ni wale waliowaita.

Wiki ya kwanza niliuliza swali darasani, kimya. Wiki ya tatu, kimya. Kimya kile nakijua, nilikaa ndani yake mwenyewe. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza, mwalimu wa Biolojia akaanza kumwaga Kiingereza tangu kengele ya asubuhi. Jibu nilikuwa nalo kichwani, maneno ya kulitolea sikuwa nayo. Wengi wenu mlipita hapo hapo. Kwa hiyo nikiwaona vijana wa miaka 23 wameinamia simu, programu ya tafsiri ikiwaandikia ninachosema, siwezi kuwaita wavivu. Walifaulu mtihani wa lugha waliotakiwa kufaulu. Aliyepanga kwamba alama ile inatosha kujadili sheria za kampuni kwa Kiingereza ni chuo.

Na chuo kina sababu. Ada ya mwaka mmoja ya uzamili wa biashara kwenye vyuo vikubwa vya hapa inapita dola elfu 50 za Australia. Mwaka 2023/24 elimu kwa wageni iliiingizia nchi hii takriban dola bilioni 51, ikawa ya nne kwa mauzo ya nje, nyuma ya madini ya chuma, makaa ya mawe na gesi. Wachina ndio kundi kubwa kuliko yote. Huko kwao kuna mawakala wanaolipwa kamisheni, asilimia fulani ya ada ya mwaka wa kwanza, kwa kila kichwa kinachosajiliwa. Wakala akishapata chake, mwanafunzi akikwama wiki ya tano yeye hayumo.

Tulishaona mwisho wa mchezo huu. Tarehe 1 Februari 2020, kwa sababu ya korona, mpaka wa Australia ulifungwa kwa wageni waliotoka China bara, maelfu ya wanafunzi wakiwa likizo kwao. Mwezi Aprili Waziri Mkuu Scott Morrison akawaambia wenye viza za muda wasioweza kujikimu warudi makwao. Juni, Wizara ya Elimu ya China ikawatahadharisha vijana wake wafikirie mara mbili kabla ya kuja huku, ikitaja vitendo vya kibaguzi dhidi ya Waasia. Kufikia mwisho wa mwaka ule vyuo vilikuwa vimepunguza ajira zaidi ya 17,000, na sisi wa mikataba ya saa ndio tuliotangulia mlangoni.

Msimamo wangu ni huu. Kuwaita Wachina ni haki, na ni jambo jema. Lakini kozi moja isijazwe na watu wa nchi moja kupita theluthi, hata nchi hiyo ingekuwa Tanzania. Wakala alipwe mwanafunzi akishamaliza mwaka wa kwanza salama. Na kabla ya masomo kuanza, chuo kimpe mgeni nusu mwaka wa lugha ya fani yake kwa gharama ya chuo, kutoka kwenye hiyo hiyo ada. Asiyeweza kufanya hivyo aache kuita watu.

Karibuni. Mnaopinga ndio ninaowasubiri zaidi.

Mchangiaji wa Leeds

Mkuu, nakuheshimu ila nakupinga. Mimi ni mhasibu, nimewahi kukaa idara ya fedha ya chuo hapa Uingereza. Ada ya mwanafunzi Mwingereza iliwekwa pauni 9,250 mwaka 2017 ikaganda hapo hadi 2025, ilipopanda kuwa 9,535. Umeme haukuganda, mishahara haikuganda. Kwa hesabu za vyuo vyenyewe, kumfundisha kijana wa nyumbani ni hasara, na anayeziba pengo ni mgeni. Maabara ya utafiti unayoipita kila siku, kuna tofali la mzazi wa Guangzhou ndani yake.

Unasema wasizidi theluthi. Hizo nafasi utampa nani? Mjini Dundee chuo kiliingia kwenye shimo la mamilioni ya pauni mwaka 2024, na sababu mojawapo ni kupungua kwa wanafunzi wa kigeni. Naira ya Nigeria ilianguka, familia zikashindwa kulipa. Januari 2024 serikali ikazuia wanafunzi wengi wa uzamili kuja na wake, waume na watoto. Wa Nigeria wakapungua sana, Wachina karibu hawakutikisika, kwa kuwa wengi huja peke yao. Katika vitabu vya hesabu Mchina ndiye mteja aliyetulia kuliko wote. Huko Marekani, Chuo cha Illinois pale Urbana-Champaign kiliona hatari unayoisema, mwaka 2017 kikakata bima: dola 424,000 kwa mwaka, ili wanafunzi wa China wakipungua ghafla kilipwe hadi dola milioni 60. Hiyo ni njia ya mtu mzima ya kushughulika na hatari, kuliko kumfungia mlango anayetaka kulipa.

Mama wa Perth

Nawasalimu nyote. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya uuguzi huku Australia. Ninyi mnabishana kuhusu Wachina, lakini rungu likirushwa linampiga mtoto wetu. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710. Julai 2024 ikawa 1,600, Julai 2025 ikawa 2,000, na ukinyimwa hurudishiwi. Uonyeshe pia akiba ya karibu dola elfu 30 za kujikimu. Serikali ikaweka lengo la wanafunzi wapya wa kigeni 270,000 kwa mwaka 2025. Bunge halikupitisha sheria yake, serikali ikapunguza kasi ya kushughulikia viza, ikafanikisha lile lile.

Mzazi wa Shanghai atalipa hiyo 2,000 na kusahau. Mtoto wa dada yangu Eldoret alipata nafasi, tukachanga, tukashindwa kumalizia. Kwa hiyo ndugu mleta mada, theluthi yako naiunga mkono, ila nafasi zitakazobaki wazi ziwe na punguzo la karo kwa wasio na uwezo. Bila hivyo zitajazwa na matajiri wa nchi nyingine tu.

Aliyesoma Wuhan, sasa Dar

Nilikaa China miaka sita, niruhusuni niseme kwa upande wa wazazi wao, maana naona hapa wanatajwa kama pochi.

Chukueni mkoa wa Henan. Watu karibu milioni 100. Mwaka 2024 nchi nzima walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42 kwa gaokao, mtihani wa kuingia chuo, na Henan peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.3. Katika orodha ile ya zamani ya vyuo vya ngazi ya juu wanayoiita 211, Henan ina kimoja tu, Chuo Kikuu cha Zhengzhou. Mtoto akikosa hapo anasoma chuo cha kawaida, halafu anajaribu mtihani wa kuingia uzamili. Mwaka 2023 walioujaribu walikuwa milioni 4.74. Akishindwa na huo, mzazi anauza fleti aliyokuwa amemwekea mtoto aolee, anampeleka nje. Rafiki yangu wa bwenini familia yake ilifanya hivyo hivyo. Pale hakuna utajiri, kuna mtoto mmoja na kete moja ya mwisho.

Na wanachonunua kinashuka thamani wakiwa bado wanakilipia. Zamani aliyerudi kutoka nje aliitwa haigui, matamshi yale yale na kasa wa baharini anayerudi pwani yake, na ilikuwa sifa. Siku hizi shahada za uzamili za mwaka mmoja za nje wanaziita shuishuo, uzamili wa maji. Aprili 2025 Dong Mingzhu, mkuu wa kampuni ya viyoyozi ya Gree, aliwaambia wenye hisa kwamba hataajiri aliyesoma nje kwa sababu miongoni mwao wamo majasusi. Rafiki yangu alinitumia habari ile bila kuandika neno.

Mchangiaji wa Leeds, hesabu zako sizipingi, ila angalia walivyonipokea mimi. Nilikwenda kwa ufadhili wa serikali yao, shahada ya kwanza ya uhandisi. Kabla ya kugusa somo lolote nilisomeshwa Kichina mwaka mzima, na Kichina cha hesabu na fizikia kikiwemo. Huo mwaka sikuutoa mfukoni. Wenzangu waliokwenda kusoma udaktari kwa Kiingereza na kulipa wenyewe hawakuandaliwa hivyo, na walipofika wodini mbele ya bibi anayezungumza lahaja ya Hubei waliteseka. Kwa hiyo China ile ile imefanya yote mawili, na tofauti niliiona kwa macho.

Mwalimu wa Historia, Morogoro

Nachangia kidogo. Mwaka 1872 China ilianza kupeleka wavulana Marekani, jumla yao 120 kwa makundi manne. Aliyeupigania mpango huo ni Yung Wing, Mchina wa kwanza kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale, huko huko Marekani, mwaka 1854. Makao yao yalikuwa Hartford, Connecticut, na watoto hawakurundikwa pamoja. Waligawanywa wachache wachache kwenye nyumba za familia za Kimarekani, wakawa wakila nao na kucheza besiboli na watoto wa pale. Mwaka 1881 serikali yao ikaamuru warudi, wakubwa wakinung'unika kwamba vijana wamegeuka Wamarekani, na Marekani nayo ikiwa imewakatalia kuingia vyuo vyake vya kijeshi. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini.

Mmoja wa waliorudishwa ni Zhan Tianyou, aliyekuwa amemaliza uhandisi Yale mwaka ule ule wa 1881. Ndiye aliyejenga reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika 1909 chini ya wahandisi wa Kichina. Alijifunza Kiingereza sebuleni kwa watu.

Mleta mada, Melbourne

Nashukuru sana. Nimesoma kila neno.

Mama wa Perth, nimekubali. Theluthi bila punguzo la karo ni mlango wa matajiri, nilipitiwa.

Mhasibu wa Leeds, kwamba vyuo vimebanwa nakubali, na kosa la kwanza ni la serikali zinazotaka elimu ya bei nafuu kwa watu wao bila kuilipia. Lakini hiyo bima ya Illinois ndiyo inayonichoma. Walipata fedha za kukilinda chuo na siku ambayo mwanafunzi hatakuja. Sasa angalia upande wa aliyekuja: darasani kwangu msaada wa lugha ni kliniki moja ya uandishi, dakika 30 kwa miadi, na foleni yake ni wiki tatu. Gharama ya nusu mwaka wa maandalizi si kubwa kiasi hicho ukilinganisha na dola elfu 50, na nina hakika wewe kwa kalamu yako ungeweza kuonyesha inavyowezekana. Nakuomba kwa dhati utupigie hesabu hiyo hapa: darasa la watu 30, walimu wawili wa lugha, miezi sita.

Ndugu uliyesoma Wuhan, umenikumbusha binti mmoja wa darasa langu, naye ni wa Henan. Hakunyanyua mkono muhula mzima. Siku ya mwisho alisubiri wenzake watoke, akanipa karatasi mbili zilizokunjwa. Alikuwa ameandika maswali yote aliyotaka kuuliza, kila moja na tarehe ya semina yake. Yalikuwa 11. Aliniambia anayaandika nyumbani usiku, anayasahihisha, na yakishakuwa sawa semina imeshapita. Aliniambia pia kwamba kwa mihula mitatu hajawahi kuingia nyumba ya Mwaustralia hata moja, na Mwalimu wa Morogoro sasa ndiyo umenifanya nielewe uzito wa jambo lile.

Nimeyajibu yote kwa maandishi, kwa saa ambazo mkataba wangu haulipi. La kwanza lilikuwa la wiki ya pili ya muhula: kampuni inawezaje kutangaza faida na mwezi huo huo ikakosa fedha za mishahara? Darasa zima lilihitaji kulisikia swali hilo siku ile.