Naomba ushauri: naongeza kwenye orodha moja ya Python, zinabadilika zote

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, namtengenezea mama mdogo programu ya kuandika kilo za dagaa anazonunua kwenye mialo mitatu (sehemu za ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki): Kibirizi, Katonga na Ujiji. Kila mwalo nataka uwe na orodha yake ndani ya orodha kubwa. Nimeanza hivi:

mialo = [[]] * 3
mialo[0].append(40)

Nilitegemea 40 iingie Kibirizi tu, yaani orodha ya kwanza (Python inaanza kuhesabu na 0). Nikichapisha napata [[40], [40], [40]]. Siwezi kumkabidhi hivi, maana hela anayozungusha ni ya mtaji wa watu.

Nimejaribu += [40] badala ya append (amri ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha), yaleyale. Kinachonichanganya zaidi, nikiandika mialo[0] = [40] inabadilika ya kwanza peke yake. Nikiandika [[], [], []] kwa mkono inakubali, ila mialo itaongezeka.

Je, ile alama ya kuzidisha inatengeneza orodha tatu kweli, au ni moja inayoonekana mara tatu? Na nianzisheje orodha nyingi zinazojitegemea bila kuziandika moja moja? Kama kamusi ya Python (dict, kila jina na orodha yake) yenye majina ya mialo ndiyo njia bora, naomba mfano mfupi. Asanteni sana.